Jiko la moshi: usinunue kwa macho, nunua kwa mkaa litakaokula

Leo naongelea jiko la moshi, lile jiko la mkaa lenye mfuniko ambalo nyama haichomwi kwenye moto wa wazi, inaiva taratibu kwa joto na moshi. Wengi wanalitaka kwa sababu mtaji unaonekana mdogo: jiko, mkaa, nyama, chumvi na meza, basi. Mimi nina duka dogo hapa Munanila, sukari, sabuni, mafuta ya kupima, na pembeni nauza nguruwe wa moshi siku ya gulio, Jumamosi na Jumapili. Sijasomea upishi wala ufundi, niliishia kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyalipia kwa hela yangu, na kidogo kwa hela ya mama yangu.

Nilianza kwa mkopo wa kikoba, laki tatu, riba asilimia 10, marejesho miezi mitatu. Mdhamini alikuwa mama. Hisa zake zilikuwa zinasubiri kikoba kivunjwe Desemba anunue mabati ya nyumba. Nikashuka mjini, nikakuta kwa muuzaji mmoja jiko limewekwa nje, jekundu, lina bomba la moshi, lina magurudumu, mlangoni kuna kioo cha kuchungulia nyama. Laki mbili na themanini, hapungui. Usafiri wa kulileta elfu ishirini. Yaani laki tatu yote ilikwisha siku hiyo hiyo, sikubaki hata na ya chumvi. Ila ukweli jiko lilikuwa zuri jamani. Watu walikuwa wanakuja kupiga nalo picha.

Biashara ikatembea. Nyama inaisha, wateja wanauliza kesho upo, kopo la hela limejaa noti za buku. Nikajiona nimefika. Wiki ya kumi sukari ikaisha dukani, nikafungua droo ninunue mfuko wa kilo 50, hela hamna. Na mimi nilikuwa nauza kila siku! Nikamgeukia mdogo wangu anayenisaidia dukani, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alilia, akavua aproni, akaenda nyumbani.

Usiku ule ndio nilikaa na daftari kwa mara ya kwanza. Kesho yake nikaazima mizani ya muuza maharage nikapima kila kitu, nyama kabla na baada, mkaa kabla na baada. Nawawekea hesabu yote, bei ni za hapa kwetu wakati ule, wewe weka za kwako.

Nyama mbichi kilo 10 kwa 8,000 ni 80,000. Ikitoka kwenye jiko jekundu ilikuwa kilo 5.9 tu. Nauza vipande vya buku na vya buku mbili, ukipiga wastani kilo inatoka 15,000, kwa hiyo mauzo 88,500. Mkaa ulikuwa unakwenda ndoo mbili kubwa za lita 20, ndoo 3,000, jumla 6,000. Chumvi, ndimu, pilipili, karatasi na ndizi za kuchoma 4,000. Toa sasa. 88,500 toa 80,000 toa 6,000 toa 4,000. Unabaki na hasi 1,500. Kila nikiwasha lile jiko nilikuwa nalipa buku jero ili watu wale nyama. Mara tatu kwa wiki, wiki kumi, ni 45,000. Halafu rejesho la kikoba 110,000 kila mwezi nilikuwa nachota kwenye droo ya duka nikisema nyama italipa. Marejesho mawili 220,000. Ukijumlisha ni 265,000 imetoka dukani. Mdogo wangu hakuwa amegusa hata senti. Nilienda kumwomba msamaha na hakunijibu siku mbili.

Sasa kwa nini jiko zuri vile lile hasara? Aliyenionyesha ni mama mmoja anayeleta migebuka ya moshi gulioni kutoka ziwani, mtu amekausha samaki tangu msichana. Alisimama mbele ya jiko langu likiwa linawaka, hakuangalia nyama, aliangalia moshi. Ulikuwa unatoka kwenye bomba, unatoka pembeni mwa mlango, unatoka kwenye kona zilizochomelewa, unatoka hadi chini ya kioo. Akasema, "Mwanangu, hili linavuja kama tenga."

Hapo ndipo penye siri yote, na ningeijua mapema ningeokoa laki tatu. Moto wa mkaa unaongozwa na hewa. Ukiupa hewa nyingi unawaka kwa hasira, ukiubana unatulia na kudumu. Jiko zuri la moshi lina matundu ya hewa chini na matundu ya kutokea moshi juu, na wewe ndiye unayefungua na kufunga. Jiko linalovuja linajifungulia lenyewe. Utaziba tundu la chini, hewa itaingilia mlangoni. Kwa hiyo moto haupungui, mkaa unaisha, nyama inakauka nje inakuwa kama gome huku ndani karibu na mfupa bado ina damu. Kilo moja kasoro ya nyama niliyokuwa napoteza kila mara ilikuwa ni maji na mafuta yaliyokaushwa na moto nisioweza kuupunguza.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha jiko lolote, la dukani au la fundi, ni hiki, na hakina gharama. Nenda jioni giza likiingia, au liingizeni stoo. Washa tochi ya simu, weka simu ndani ya jiko, funga mlango na matundu yote, kisha zunguka ukiangalia. Popote unapoona mwanga, hewa itapita. Mstari mwembamba kama uzi kuzunguka mlango si mbaya sana, mafuta na masizi vitauziba ndani ya wiki mbili. Ukiona mwanga wa kupitisha ubao wa kiberiti, muachie mwenyewe. Muuzaji akikataa usiweke simu ndani, ameshakujibu.

Cha pili bonyeza ubavu wa jiko kwa dole gumba. Shiti ikibonyea na kurudi kwa mlio, ni nyembamba. Chuma chembamba kikipata moto kinapinda, mlango uliokuwa unafunga vizuri dukani hautafunga tena baada ya mwezi. Langu lilipinda wiki ya tatu. Pia chuma chembamba hakishiki joto, na huku kwetu juu milimani upepo wa jioni una baridi, ukipiga jiko jembamba moto wote wa ndani unaenda kupasha hewa ya nje. Magurudumu, kioo na rangi havina kazi. Kioo changu kilikuwa cheusi siku ya pili, na wiki ya sita kikapasuka.

Baada ya kujua hayo niliuza simu yangu nikanunua ya kitochi, nikabaki na 150,000. (Ndio, kile kipimo cha tochi niliendelea kukifanya.) Pipa la lita 200 lililotumika 60,000. Nondo, bawaba, boliti na vipande vya chuma 25,000. Fundi 45,000. Kipima joto cha nyama, kile chenye sindano, niliagiza Kariakoo 20,000 pamoja na kutumiwa. Hiyo ndiyo laki na nusu.

Msione aibu ya pipa. Yale majiko ya Weber mnayoyaona YouTube, yenye umbo la duara, yalianza mwaka 1952 Marekani, baada ya bwana mmoja, George Stephen, aliyekuwa karakana ya chuma ya Weber Brothers huko Chicago, kukata boya la chuma katikati akaweka miguu na mfuniko. Lilikuwa boya la majini. Sisi tuna mapipa.

Ila pipa lenyewe chagua kwa akili, na hapa naomba usome taratibu. Uliza lilibeba nini, na usikubali jibu la mdomo tu. Tafuta maandishi ubavuni. Mafuta ya kula, juisi, sukari ya maji, hayo ni mazuri. Vilainishi vya injini, unaweza ukilichoma sana, mimi sipendi. Dawa za mashambani, tindikali, au pipa lililofutwa maandishi kwa makusudi, usichukue hata la bure. Huku kwenye kahawa na tumbaku kuna mapipa na madumu ya dawa mengi yanazunguka. Mapipa mengine yana rangi ndani, ya njano au ya kahawia, kama ngozi. Hiyo lazima iungue yote na kusuguliwa mpaka chuma kitupu kionekane, la sivyo itaungulia kwenye nyama ya mteja.

Halafu kulikata. Pipa lililobeba mafuta au petroli lina mvuke ndani hata kama ukilitikisa ni kavu. Fundi akiweka grinda au moto wa kuchomelea linaweza kulipuka, na mafundi wameshakufa kwa hilo. Fungua vizibo vyote viwili, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijazwe maji karibu mpaka pale linapokatwa. Fundi wangu alicheka akasema, "Dada, nimekata mengi." Nikamwambia basi hili nitakata mwingine. Akaenda kuchota maji.

Kuna pipa la kulala na pipa la kusimama. La kulala ndilo mafundi wengi wamezoea, linapasuliwa kwa urefu, nusu ya juu inakuwa mfuniko. Linafaa sana kwa nyama choma na mishikaki ile ya mtindo wa Burundi, watu wanaipenda hapa maana mpaka uko jirani. Kwa moshi lina kasoro mbili: mdomo wake ni mrefu, kwa hiyo linavuja mahali pengi, na nyama inakuwa karibu mno na mkaa, mafuta yanadondokea kwenye makaa na kuwaka. Moshi wa mafuta yaliyoungua ndio mchungu, na una kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani. La kusimama unaondoa mfuniko wa juu tu, kukata ni kidogo, kuvuja ni kidogo, na kati ya mkaa na wavu unapata kama sentimita 60. Nyama inapata joto bila kuguswa na moto. Mimi nina la kusimama. Kama unategemea zaidi mishikaki, chukua la kulala na usijidanganye kwamba utafanya yote mawili vizuri.

Maelekezo niliyompa fundi ni haya. Chini kabisa matundu manne ya kama sentimita 2, kila moja na kibati cha chuma kinachozunguka kwenye boliti ili niweze kufunga moja moja. Juu kwenye mfuniko matundu manne ya ukubwa ule ule. Kikapu cha mkaa cha nondo, kimeinuliwa sentimita 7 hivi toka chini ili majivu yadondoke yasizibe hewa. Wavu wa nyama wa nondo za milimita 8, nafasi kati ya nondo na nondo upana wa kidole, na unatoka wote kuoshwa. Mfuniko usikae juu tu kama sahani, uwe na ukingo unaoshuka nje ya pipa. Na kidirisha kidogo cha kuongezea mkaa? Nilikataa. Kila mlango ni mahali pengine pa kuvuja. Mkaa naweka wote mwanzoni.

Fundi anaweza kukushawishi atumie bati la kuezekea au wavu wa kuku kwenye sehemu ya moto kwa kuwa ni rahisi. Usikubali. Vile vimepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na makaa yanazidi hapo. Moshi wake unaleta homa na kifua, na sitaki kuujua ukiwa kwenye nyama. Ndani ya jiko pia hakuna rangi yoyote. Nje paka sehemu ya juu ukitaka, chini itaungua tu. Ndani mimi nilipaka mawese, nikawasha moto mdogo saa tatu bila nyama, nikarudia kesho yake. Chuma kikawa cheusi kinachong'aa na mpaka leo hakijashika kutu. Mawese mkoani kwetu si ya kutafuta.

Kuwasha nako kuna namna. Zamani nilikuwa nawasha mkaa wote uwe mwekundu ndipo naweka nyama, kumbe nimeshakula nusu ya mkaa bure. Sasa naweka ndoo moja ya mkaa mbichi kwenye kikapu, katikati nafanya shimo, namimina makaa mekundu machache kutoka jiko la chai. Moto unatambaa wenyewe pole pole saa tano. Matundu ya juu naacha wazi yote, nachezea ya chini tu. Joto la ndani nalitaka kati ya nyuzi 110 na 130. Moshi mzito mweupe ukitoka, nyama bado haiingii, huo unafanya iwe chungu. Subiri mpaka moshi uwe mwembamba, wa bluu kwa mbali, karibu huuoni.

Kwa harufu naongeza vipande viwili vitatu vya matawi makavu ya kahawa yaliyopogolewa, au mpera, au mwembe. Hakikisha kahawa haikupigwa dawa karibuni. Msonobari hapana, una utomvu, na mkaratusi hapana pia, nyama inanuka dawa ya kikohozi. Na mkaa nunua kwa mtu mwenye kibali cha wakala wa misitu, TFS, mzigo usije ukakamatwa nao. Mkaa wa miti migumu ya miyombo ni ghali kidogo kuliko wa mkaratusi lakini unadumu, pima kwa mizani siku moja utaona.

Matokeo. Kilo 10 zile zile, pipa linanirudishia kilo 6.8. Mauzo 102,000. Mkaa ndoo moja 3,000. Viungo na karatasi 4,000. Faida 15,000 kila nikiwasha, badala ya hasara 1,500. Kwa wiki ni 45,000 dhidi ya hasi 4,500, tofauti 49,500. Laki na nusu ya pipa ilirudi kama wiki tatu. Ukitaka kununua jiko, mwulize muuzaji swali moja: hili kwa kilo 10 linakula mkaa kiasi gani? Asipojua, mwombe umwone mtu aliyenunua kwake, ukamwulize yeye. Tofauti ya ndoo moja tu, mara tatu kwa wiki, ni 9,000. Miezi sita, yaani wiki 26, ni 234,000. Jiko la bei chee linalokula ndoo mbili ni ghali kuliko la bei kubwa linalokula moja, na langu lilikuwa baya pande zote, bei kubwa na ndoo mbili.

Msikate kipima joto kwenye bajeti. Najua elfu ishirini inauma. Lakini nguruwe ana tegu, zile punje nyeupe kama mchele kwenye nyama, na moshi peke yake hauziui. Ni joto ndilo linaloua, na nje kuiva hakuna maana kwamba ndani kumeiva. Nachoma sindano katikati ya kipande kinene, mbali na mfupa, nataka isome nyuzi 71 au zaidi. Kuku nataka 74. Kuna wakati nyama itafika kama 65 au 70 na kugoma, saa nzima haipandi. Haijaharibika, ni maji yanatoka na kuipoza, kama jasho. Usifungue mfuniko kuchungulia, usiongeze moto, subiri. Kipima joto chenyewe kipime kwenye maji yanayochemka. Huku milimani maji yanachemka chini kidogo ya nyuzi 100, kama 95, kwa hiyo kikisoma hapo usikirudishe ukidhani ni kibovu.

Kabla ya hapo, nyama iwe imepimwa na afisa mifugo na ina muhuri. Risiti ya bucha naitunza mezani, na si kwa ajili ya mteja tu. Mkoani kwetu kuna Pori la Akiba la Moyowosi, na nyama nyeusi ya moshi kwenye karatasi inafanana na nyamapori. Kuuza nyamapori bila kibali ni kesi kubwa. Sitaki kujieleza kwa mdomo mtupu.

Pia nyama hii siyo nyama kavu. Imeiva kwa moshi, bado ina maji, inaharibika kama nyama nyingine iliyopikwa. Nauza siku hiyo hiyo, na ikibaki tunakula wenyewe. Ndiyo maana sikununua pipa mbili wala jiko la kilo 30. Chukua jiko la kilo unazouza kweli siku ya kawaida, siyo siku ya Krismasi.

Kuna jambo lingine la wateja. Hapa tuna Waislamu na Wakristo, na jiko lililopikiwa nguruwe halipiki kuku wa Mwislamu, hata ulisugue kwa mchanga. Usiwadanganye watu kwenye hilo, ni dhambi na pia ni mwisho wa duka lako. Amua kabla ya kununua. Kama mtaani kwako Waislamu ni wengi, anza na kuku na ng'ombe, utauza kwa wote. Mimi niliamua nguruwe kwa sababu bucha iko karibu, na wateja wangu wa sukari wa Kiislamu nawaheshimu: pipa liko upande wa pili wa uwanja, na mikono nanawa kabla ya kurudi kaunta. Nikipata hela nyingine nitatengeneza pipa la kuku na sitalichanganya.

Wanaofikiria samaki, yaani migebuka na dagaa kwa wingi, pipa siyo lenu. Mnahitaji jiko la matofali lenye trei za mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, zile za aina ya Chorkor zilizoanzia kwa kina mama wa Ghana, au ile iliyoboreshwa Thiaroye, Senegal, yenye kupunguza moshi mbaya. Matofali ya kuchoma huku kwetu yapo. Hilo ni somo lake.

La mwisho ni mvua. Huku inanyesha miezi mingi na utajaribiwa kuingiza jiko ndani ya banda au dukani ufunge mlango. Usifanye, hata mkaa ukiwa umebaki mwekundu tu bila moshi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, unalala usingizi na huamki. Mimi nimeezeka paa la bati juu ya nguzo nne, kuta hakuna, upande wa upepo nimeegesha bati moja. Mkaa wenyewe usilowe, uliolowa unakula muda na kutoa moshi mweupe.

Mama alipata mabati yake Februari badala ya Desemba. Mdogo wangu amerudi dukani, na daftari la nyama sasa anaandika yeye, mimi nasaini tu chini. Jiko jekundu nilijaribu kuliuza, wakanipa elfu arobaini nikakataa. Liko chini ya paa, limejaa mkaa. Kwa kutunzia mkaa usilowe linafaa.